Je, Wajua? Adiós, kwaheri, tigara buya

Neno adiós, linalosikika katika nyimbo nyingi za mapenzi za Kihispania, asili yake ni "kwa Mungu": anayeondoka anamkabidhi mpenziwe kwa Mola. Kwaheri yetu ni jirani yake, kwani ndani yake mna heri. Mkisii anayeaga husema tigara buya, yaani ubaki salama. Kati ya hayo matatu, hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu linamfikiria anayeachwa.

Majonzi ya nyimbo hizo za Kihispania yalifika Afrika kwa santuri. Kuanzia 1933 kampuni ya Uingereza ya HMV iliuza huku mfululizo wa santuri wa GV, uliosheheni muziki wa Kuba. Wanamuziki wa Kongo waliupenda mno, wakaimba kwa Kihispania hata pale ambapo maneno hawakuyaelewa. Huzuni ya sauti iliwatosha.

Wakisii nao wana ala yenye sauti ya namna hiyo: kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya zina obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi 8 kilichowambwa ngozi. Mpigaji huketi, akazicharaza nyuzi kwa vidole huku akiimba. Mlio wake ni mzito, wenye mvumo unaokaa kifuani hata baada ya wimbo kwisha.