Setilaiti ya Utosini

Tulifika Nanyuki jioni, gari limejaa vumbi, na mechi ilikuwa ianze baada ya saa moja. Dishi lilikuwa lilelile la sentimita 60 lililotupa picha safi usiku uliotangulia, tukiwa bado Nairobi. Simu ilituambia kwamba hapa setilaiti iko magharibi, si kaskazini-magharibi kama jana, basi tukaligeuza dishi kwenye miguu yake mitatu na kurekebisha mwinamo. King'amuzi kikaonyesha nguvu ya mawimbi ipo, ubora wake sifuri. Tulikaza nati, tukabadilisha waya, tukasogeza miguu. Kipindi cha kwanza kilikwisha hatujaona mpira. Kosa lilikuwa kwenye LNB, kile kichwa kidogo kinachokaa mbele ya dishi: tulikiacha kama kilivyokuwa Nairobi.

Nimelifikiria kosa hilo mara nyingi tangu hapo, kwa sababu haliwezi kumpata mtu aliyepiga kambi Ujerumani. Ni kosa la watu wa ikweta, na ndilo linalopaswa kutuongoza tunapochagua vifaa vya televisheni vya safarini.

Setilaiti za televisheni zimepangwa kwenye mstari mmoja juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786. Katika kimo hicho setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule dunia inaojizungusha yenyewe, hivyo huonekana imesimama tuli. Arthur C. Clarke aliandika mwaka 1945 kwamba jambo hilo lingeweza kutumika kurusha matangazo, na leo mstari huo unaitwa kwa jina lake. DStv ya Afrika Mashariki hupokewa kutoka nyuzi 36 Mashariki, na Nairobi iko karibu nyuzi 37 Mashariki, chini kidogo tu ya ikweta. Maana yake setilaiti iko utosini: pembe ya kuinua dishi Nairobi ni takriban nyuzi 88, na 90 ndiyo juu kabisa.

Fikiria taa iliyoning'inizwa darini. Aliyesimama mwisho wa ukumbi akisogea hatua tatu, taa bado iko upande uleule. Aliye chini yake akisogea hatua tatu, taa iliyokuwa mbele yake sasa iko kisogoni. Sisi ndio tuliosimama chini ya taa. Nairobi dira inaonyesha setilaiti hiyo iko kaskazini-magharibi. Nanyuki, mji unaokaa juu ya ikweta yenyewe, iko magharibi barabara. Endelea hadi Maralal, utaikuta kusini-magharibi. Safari ya siku moja au mbili imeigeuza dira zaidi ya nyuzi 100, ilhali mwinamo wa dishi haukubadilika hata nyuzi moja.

Hapo kuna nafuu moja na mtego mmoja. Nafuu ni kwamba dira ikikosea nyuzi 20 Nairobi, dishi hukosa setilaiti kwa nusu nyuzi na ushei tu, na dishi la sentimita 60 husamehe kosa hilo. Munich, ambako setilaiti za Astra za nyuzi 19.2 Mashariki ziko kimo cha nyuzi 34 hivi, kosa hilohilo lingelipeleka dishi zaidi ya nyuzi 16 pembeni, lisione chochote cha maana.

Mtego uko kwenye LNB. Mawimbi ya redio hutikisika yakisafiri, kama kamba iliyoshikwa na watoto wawili: inaweza kutikiswa juu na chini, au kushoto na kulia. Setilaiti hutumia mitikisiko yote miwili ili ibebe chaneli nyingi zaidi, na LNB lazima ikae kwa pembe inayoitenganisha. Dishi linalotazama juu likigeuzwa nyuzi 60, LNB nayo imejizungusha nyuzi 60 chini ya mawimbi yasiyogeuka. Chaneli zinaingiliana. Nguvu ipo, ubora hakuna. Dawa ni kulegeza kibano cha LNB na kuizungusha polepole mkononi, macho kwenye kipimo cha ubora. Usiku ule Nanyuki ingetuchukua dakika mbili.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue nini kwa gari lake la kupigia kambi, namjibu bila kusita: dishi la kawaida, miguu mitatu imara, pimamaji ya kusawazishia, na waya wa mita 15. Dishi linalojitafutia setilaiti lenyewe juu ya paa ni mashine nzuri, lakini mengi yametengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na baadhi yana kikomo cha kuinuka kabla ya kufika nyuzi 88. Soma kikomo hicho kabla ya kulipa. Tena dishi la paani hukaa lilipo gari, na katika joto la Turkana au Tsavo gari hutaka kivuli cha mti, dishi hutaka uwazi.

Kuhusu miti, utosini ni baraka. Mgunga wa mita 10 hauzuii chochote ukiwa mita mbili kutoka dishini, mradi matawi yasifunike juu. Anayetazama Azam TV akiwa Dar es Salaam analielekeza dishi kwenye setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki: kwake ni upande wa magharibi, kimo cha nyuzi 52 hivi. Mti huohuo anahitaji kuuacha mita 8. Kule Nordkapp, kaskazini kabisa mwa Norwei, Astra iko nyuzi 10 tu juu ya upeo wa macho, na mti wa namna hiyo ungeziba hata ukiwa mita 50 mbali. Huko dishi huonekana kama linatazama ardhini, kwa sababu madishi mengi ya nyumbani yana LNB iliyowekwa chini ya kitovu, na hupokea mawimbi yanayotoka nyuzi 20 na kitu juu ya pale uso wake unapoelekea. La Munich husimama kama ukuta, la Nairobi limelala kama ungo. Asiyejua hilo hulielekeza dishi kwa macho na kukosa kila kitu.

Mvua nayo ina hesabu yake. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa huyanyonya na kuyatawanya. Mawimbi yakishuka wima hupita njia fupi ndani ya mvua, lakini mvua zetu ni nzito. Ndiyo maana kwa kambi ya masika ningebeba dishi la sentimita 90: eneo lake ni mara mbili na robo ya lile la 60. Gharama yake ni kwamba jicho lake ni jembamba, nyuzi mbili hivi badala ya tatu, basi miguu isipokaa sawa utalijua mara moja.

Ukilala karibu na mji, acha dishi ndani. Antena ya vijiti, iliyobuniwa na Wajapani Yagi na Uda miaka ya 1920, inatosha kwa matangazo ya kidijitali ya minara. Kwenye ardhi tambarare, mnara wa mita 100 na mlingoti wako wa mita 4 huonana kwa kilomita 50 hivi. Kuongeza mlingoti hadi mita 9 hukupa kilomita 4 tu zaidi. Kupanda kilima ni bora kuliko kununua bomba refu.

Umeme usikutishe. Televisheni ndogo ya volti 12 pamoja na king'amuzi hula kama wati 40. Betri ya risasi ya Ah 100, ukitumia nusu yake, inaziendesha saa 15. Chagua televisheni inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12, usipoteze umeme kwenye inveta.

Na kuna kipimo kimoja kisichouzwa dukani. Siku chache kandokando ya tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti ya DStv hasa, na picha hukatika kwa dakika chache: ukiwa Nairobi, yapata saa saba kasorobo mchana mwezi Machi, saa sita na nusu mwezi Septemba. Wengine hudhani dishi limeharibika. Mimi hutoka nje wakati huo nikaangalia kivuli. Palipo na jua kamili saa hiyo, setilaiti inaonekana. Penye kivuli cha tawi, haionekani. Naweka jiwe pale penye jua, na jioni miguu mitatu inasimama juu yake.