Mganga wa Zahanati

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Hospitali zilikuwa mbali na vijiji vingi. Mgonjwa alibebwa kwa machela kutwa nzima. Wengine walifia njiani.

Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Lakini udaktari husomewa miaka mingi, na malaria haingoji. Kwa hiyo, miaka ya 1970, Serikali ilitanguliza zahanati na vituo vya afya vijijini. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa miaka mitatu, wakawa waganga wasaidizi. Walitibu malaria, kuhara na vidonda. Mgonjwa mahututi walimpeleka hospitali mapema.

Wako waliowadharau kuwa si madaktari. Lakini mama mwenye mtoto anayechemka homa usiku alimhitaji mtu aliye karibu.

Tatizo lilikuwa dawa. Ziliisha upesi. Katika miaka ya 1980, zahanati zilianza kuletewa sanduku la dawa kila mwezi.