Kinyama cha Jicho Hakingoji Mavuno

Mimi ni bwana shamba katika mkoa wa Simiyu. Kazi yangu ni kuwaeleza wakulima habari za mbegu, mbolea na wadudu wa pamba. Mwezi huu sitaandika habari za shamba. Nitaandika habari za jicho langu la kulia.

Nina umri wa miaka 46. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 20, kwanza kwa baiskeli, sasa kwa pikipiki. Jua na vumbi ni wenzangu wa kila siku. Kofia nilikuwa nayo, lakini niliifunga nyuma ya pikipiki isipeperuke. Miwani ya jua niliiona ni mambo ya vijana wa mjini.

Mwezi Februari 2022 niliona doa kwenye cheupe cha jicho, upande wa pua, pale cheupe kinapokutana na cheusi. Lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Halikuuma. Liliwasha kidogo wakati wa jioni. Wenzangu walisema, "Hicho ni kinyama tu. Kila mtu wa vumbi anacho."

Walisema kweli nusu. Watu wengi wana kinyama. Ninawajua wakulima wenye kinyama cha miaka kumi na hakijawadhuru. Kwa hiyo nilinunua matone dukani bila kupimwa, nikaendelea na kazi. Mzee mmoja alinishauri niweke maji ya majani fulani. Sitayataja, mtu asije akajaribu. Niliweka mara mbili, jicho likawaka kama limetiwa pilipili. Nikaacha.

Kufika mwezi Mei punje ya ulezi ilikuwa punje ya mtama. Ilikuwa na rangi ya kahawia. Juu yake palitoka utando mweupe kama chokaa. Mishipa myekundu ilikusanyika kuielekea. Mke wangu akaniambia, "Baba, hicho kinakua. Nenda hospitali." Lakini ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Nikamjibu kwamba nitakwenda baada ya mavuno.

Nilikwenda mwezi Agosti. Mahali nilipokwenda walikikata kinyama, nami nikafurahi. Kipande walichokikata kilitupwa. Hakuna aliyesema kipelekwe maabara, na mimi sikujua kwamba mgonjwa anaweza kuuliza.

Mwezi Novemba kilikuwa kimerudi, kikubwa kuliko mwanzo.

Mkulima yeyote anaijua sangari. Ukiifyeka kwa juu, shamba linaonekana safi. Mvua ikinyesha, inachipua kutoka kwenye mizizi uliyoiacha ardhini. Mimi ndiye ninayewafundisha watu jambo hilo. Tena huwaambia wakague mahindi mapema, wafunue majani wakitafuta viwavijeshi. Jicho langu mwenyewe sikulikagua.

Safari hii nilipewa barua ya rufaa, nikaenda Mwanza pamoja na mke wangu. Daktari bingwa wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole. Alilitazama jicho kwa chombo chenye taa kali. Alitia tone la rangi ya buluu. Kinyama kikanywa ile rangi, kikabaki cha buluu. Kisha alinipapasa mbele ya sikio na chini ya taya, akitafuta matezi yaliyovimba. Hakuyapata.

Akasema, "Baba, hiki nakishuku. Inaweza kuwa saratani. Tutakikata chote pamoja na ukingo wake, halafu tutakipeleka maabara."

Saratani ndiyo wengi tunaiita kansa. Niliposikia neno hilo sikusikia tena mengine. Mke wangu ndiye aliyeuliza maswali yote. Nawashauri wasomaji, msiende peke yenu siku ya namna hiyo.

Nilichomwa sindano ya ganzi karibu na jicho. Sikusikia maumivu ya kisu, nilisikia kuvutwavutwa tu. Daktari alikata kinyama na sehemu ya ngozi nzima kukizunguka, ili mizizi isibaki. Kingo aligandisha kwa baridi kali ili kuua kilichosalia. Jioni niliweza kutembea mwenyewe, jicho likiwa limefunikwa.

Siku za kungoja majibu zilikuwa nzito kuliko siku ya kisu. Nyumbani nilifunika jicho la kulia kwa kiganja na kujaribu kazi kwa la kushoto. Nilimimina chai, ikamwagika nje ya kikombe. Nilitaka kupima mistari kwa kamba ya kupandia, nikaona aibu watoto wasinione. Bwana shamba wa jicho moja ataendeshaje pikipiki? Sikumwambia mtu, lakini nadhani mke wangu alijua.

Majibu yalisema ni saratani ya utando wa juu wa jicho. Daktari alinieleza kwamba aina hii huonekana sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Sababu moja ni jua kali la karibu na ikweta. Ndiyo maana mara nyingi huanzia pale ambapo kope hazifuniki.

Alisema rangi ya kahawia ilimfanya afikirie pia saratani nyingine, iitwayo melanoma. Hiyo huanzia kwenye chembe zinazotia mwili rangi. Melanoma ya jicho mara nyingi hukaa ndani ya jicho, na huwapata zaidi watu weupe wa Ulaya na Marekani. Sisi hutupata kwa nadra. Ni ugonjwa wa hatari, kwa sababu unaweza kuhamia kwenye ini, hata baada ya miaka kupita. Wagonjwa wake wengine huondolewa jicho. Wengine hushonewa kibati kidogo chenye mionzi nyuma ya jicho kwa siku chache, kisha hutolewa. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada ulitoa majibu yake mwaka 2001. Ulionyesha kwamba kwa uvimbe wa kiasi, waliowekewa kibati waliishi sawasawa na walioondolewa jicho. Basi hata kwa ugonjwa huo, daktari hakimbilii kung'oa jicho kila mara.

Yangu haikuwa melanoma. Lakini daktari alikuwa na jambo jingine.

"Baba, saratani hii huwapata zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI, kwa sababu kinga ya mwili imepungua. Wengine hugundua wana virusi kwa sababu ya jicho. Wengine hawana kabisa, ni jua tu. Tungependa kukupima."

Nilikasirika. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya jicho. Yeye hakukasirika. Alisema, "Ndiyo, baba. Kinga ikiwa chini, jicho hilo litanirudia tena hapa." Mke wangu akasema, "Tupime wote wawili."

Tulipimwa wote. Mke wangu hakuwa na virusi. Mimi ninavyo.

Naandika maneno haya kwa ruhusa yake. Tulizungumza mara nyingi kabla sijachukua kalamu. Mengine tuliyoambiana usiku ule ni yetu. Ninachoweza kusema ni kwamba asubuhi aliniandalia uji kama siku zote, tukaenda kliniki kuchukua dawa. Ninazimeza kila siku. Sasa kipimo hakivioni virusi katika damu yangu. Waganga wamethibitisha kwamba mtu aliyefikia hali hiyo, na akaendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mke wangu amepimwa tena mara kadhaa, hana.

Nirudi kwenye jicho. Kidonda kilipopona nilipewa matone ya dawa inayoua chembe za saratani. Jina lake ni fluorourasili. Nilitia mara 4 kwa siku, kwa wiki 4. Dawa hii ilijaribiwa Kenya, na majibu yalitangazwa mwaka 2016. Watu walikatwa kinyama kwanza, kisha wakagawanywa makundi mawili. Kati ya 47 waliotia dawa hii, saratani ilirudi kwa 5 katika mwaka mmoja. Kati ya 47 waliotia matone yasiyo na dawa, ilirudi kwa 17. Nilipoelezwa hesabu hiyo niliielewa mara moja. Ni kama shamba la mfano: nusu moja na mbolea, nusu bila mbolea, halafu unapima magunia.

Matone yenyewe si matamu. Jicho lilitoa machozi mengi. Ngozi ya chini ya kope iliwasha na kuwa nyekundu. Muuguzi alinifundisha kupaka mafuta mazito pale kabla ya kutia, kufuta machozi kwa kitambaa safi, na kunawa mikono kila mara. Binti yetu alikuwa mjamzito, akakatazwa kabisa kuishika ile chupa. Kwa wiki hizo nne watu vijijini waliniuliza, "Bwana shamba, unalia nini?" Nikawa najibu kwamba nalilia bei ya pamba. Walicheka, nami nilipata nafuu.

Sasa ninaishi na ugonjwa uliokatwa lakini unaoweza kurudi. Mwaka wa kwanza nilirudi kliniki kila miezi mitatu. Baadaye kila miezi sita. Sitaficha, kila jicho linapokuwa jekundu kwa vumbi moyo wangu hushtuka. Nina kioo kidogo ninachojitazamia kila Jumapili asubuhi mlangoni, penye mwanga. Mara moja tu. Mwanzoni nilikuwa nikijitazama mara kumi kwa siku, mpaka mke wangu akakificha.

Shida kubwa ni nauli. Kwenda Mwanza na kurudi, na kula, na wakati mwingine kulala, si jambo dogo. Najua wagonjwa walioacha kurudi kwa sababu hiyo. Mimi nilitenga kuku. Hao hawaliwi wala hawauzwi kwa jambo jingine. Tarehe ya kliniki ikikaribia tunawauza.

Pale kliniki nilimkuta mkulima aliyengoja miaka miwili. Kinyama chake kilikuwa kimeingia nyuma, nyumba nzima ya jicho ikabidi iondolewe. Alihitaji pia mionzi. Tiba hiyo haipatikani kila hospitali. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoko Dar es Salaam hutoa, na Bugando iliyoko Mwanza. Tulikaa benchi moja. Alinitazama jicho langu akasema, "Wewe uliwahi." Sikuwa na jibu, kwa sababu nami nilikuwa nimengoja mavuno.

Mnaniuliza sana, kinyama cha kawaida na kile cha hatari vinatofautianaje. Kwa macho matupu hata daktari anaweza kudanganyika, ndiyo maana kuna maabara. Lakini kile cha kawaida hukua polepole, miaka kwa miaka. Ukiona kinakua katika wiki au miezi, kina utando mweupe kama chokaa, kimebadilika rangi, kinatoa damu, au kilikatwa kikarudi, usinunue matone dukani. Nenda zahanati uombe barua ya rufaa kwa daktari wa macho. Na ukikatwa, uliza: "Kipande changu kinakwenda maabara?" Si utovu wa adabu kuuliza hivyo.

Kina mama, tazameni pia macho ya watoto wadogo. Mboni ya mtoto ni nyeusi. Ikionekana nyeupe, inang'aa kama jicho la paka usiku, mpelekeni mtoto hospitali wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa saratani ya watoto, nayo hukaa ndani ya jicho. Ikiwahiwa, mtoto hupona. Ikichelewa, huua.

Mimi sasa navaa kofia ya pama yenye ukingo mpana, na kamba chini ya kidevu. Kwenye pikipiki navaa helmeti na miwani ya jua. Vijana wa kijiji kimoja wamenibandika jina la "Mtalii". Nimewaacha waniite. Wiki iliyopita nimemwona mmoja wao shambani naye amevaa pama.

Kliniki yangu ijayo ni mwezi ujao. Kuku watatu wameshatengwa. Nikirudi tutaendelea na habari za kung'oa na kuchoma maotea ya pamba.