Kimo cha Kiungo cha Tela

Tela linalokokotwa na pikapu kutoka katikati ya Kampala hadi Ggaba, likiwa limebeba mashua ya kuteremshwa Ziwa Viktoria, lapaswa kukaa sambamba na ardhi, na jambo hilo huamuliwa na kimo cha kiungo, yaani kichwa cha chuma cha mviringo, aghalabu chenye kipenyo cha milimita 50, kilichofungwa nyuma ya gari ili kushika mkono wa tela.

Kiungo kikiwa juu mno, mbele ya tela huinuka na uzito unaokilalia hupungua, hivyo tela likaanza kuyumba mwendo unapoongezeka, na hatari hiyo haifai kupuuzwa katika jiji la vilima na miteremko. Kikiwa chini mno, mkono huweza kugonga matuta ya barabarani. Tela la ekseli mbili huathirika zaidi, kwa kuwa mwinamo hulimbikiza mzigo kwenye ekseli moja, ambayo matairi yake huzidiwa.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 55 huweka kiungo cha gari dogo lililopakiwa kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini, lakini magari ya njia mbovu yamesamehewa, na pikapu nyingi huwa juu zaidi. Ndiyo maana kiungo chenye mashimo ya kupandishia na kushushia hufaa kuliko kilichochomelewa. Tela lipimwe likiwa na mzigo wake, mahali tambarare, springi za gari zikiwa zimekwisha kushuka.