Kuukataa Wakati: Saa, Pumzi na Tembo katika Kazi ya William Kentridge

Makala haya yanadhamiria kuifafanua kazi ya sanaa iitwayo The Refusal of Time, yaani Kuukataa Wakati. Iliundwa na William Kentridge, msanii aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1955, akishirikiana na mtunzi wa muziki Philip Miller, mhariri wa filamu Catherine Meyburgh na mwanahistoria wa sayansi Peter Galison. Ilionyeshwa mjini Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2012. Leo inamilikiwa kwa pamoja na makavazi mawili ya Marekani: Metropolitan Museum of Art ya New York na San Francisco Museum of Modern Art.

Kwanza, umbo lake. Hii si picha ya kutundikwa ukutani, wala si filamu ya kutazamwa kutoka upande mmoja. Ni kazi iliyosimikwa katika chumba kizima. Video tano humulikwa kutani kwa wakati mmoja, kwa muda wa dakika 30. Sauti hutoka katika vipaza sauti vyenye umbo la tarumbeta. Chumbani humo pia mna mashine ya mbao iliyopewa jina la "tembo", ambayo hupanda na kushuka bila kukoma mithili ya mapafu. Mtazamaji anayegeukia ukuta mmoja huukosa mwingine. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hali hii si ngeni: hadhira imo ndani ya utendaji, haiko nje yake.

Pili, maudhui. Kazi hii inarejelea karne ya 19, wakati ambapo saa iligeuzwa kuwa chombo cha utawala. Mjini Paris, kuanzia mwaka wa 1880, saa za umma ziliendeshwa kwa hewa iliyosukumwa kupitia mabomba yaliyopita chini ya barabara. Hapo ndipo pumzi za yule tembo zinapopata maana. Mwaka wa 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na Greenwich ikateuliwa kuwa kitovu cha kuhesabia longitudo. Kutoka bara zima la Afrika, nchi iliyowakilishwa ilikuwa Liberia pekee. Ilhali tayari mwaka wa 1879, waya wa simu za maandishi ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban kupitia Zanzibar. Naam, ujumbe wa wakubwa ulifika pwani kabla ya wenyeji kuulizwa lolote.

Je, Mswahili ana lipi la kuongeza katika mjadala huu? Jibu limo katika lugha yake. Taarifa ya habari inaposomwa saa moja jioni, akrabu ya saa ya ukutani huwa imeelekea nambari 7. Karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo saa za mchana huhesabiwa tangu jua kuchomoza, na za usiku tangu kuchwa kwake. Ifahamike kwamba Mswahili hakuitupa saa ya magurudumu. Aliipokea pamoja na dakika zake 60, ila akakataa kukabidhi mahali pa kuanzia kuhesabu.

Huo ndio ukinzani unaojitokeza pia katika kazi ya Kentridge. Video inaanza kwa metronomu, vile vyombo vya kupimia mapigo ya muziki, ambavyo mapigo yake huishia kupishana. Hata hivyo, ili mapishano hayo yasikike vyema, mitambo mitano ya kumulika picha sharti iende sambamba. Anayeukataa wakati analazimika kuutumia wakati uo huo. Hivyo, kukataa hapa hakumaanishi kuvunja saa, bali kuhoji aliyeitega na kwa manufaa ya nani.

Hatimaye, ni jambo la kutafakari kwamba baadhi ya wasemaji wa Kiswahili wameanza kuiona saa yao kuwa kosa la kusahihishwa, wakisema "saa kumi na tisa" kwa kufuata nambari za simu zao. Msamiati ukipotea, neno lingine hupatikana. Hesabu ya siku ikipotea, kinachopotea ni mahali pa kusimama na kulitazama jua.