Kofi la Mama Aliyefiwa

Kwetu sisi watu wa pwani, papa ni kitoweo kabla hajawa tishio. Tunamjua akiwa mkavu sokoni na akiwa na tui la nazi sahanini. Pengine ndiyo sababu wengi wetu, tulipoitazama filamu ya Jaws, tulistaajabia meno ya samaki yule tukapitwa na yaliyokuwa yakitendeka nchi kavu.

Filamu hiyo ya Steven Spielberg ilitoka mwaka 1975. Ilipigwa katika kisiwa cha Martha's Vineyard nchini Marekani, na chanzo chake ni riwaya ya Peter Benchley iliyochapishwa mwaka mmoja kabla. Kisa kimewekwa katika mji wa kubuni uitwao Amity, unaoishi kwa fedha za wageni wa majira ya joto. Binti mmoja anauawa akiogelea usiku. Mkuu wa polisi, Brody, anaazimia kuufunga ufuo. Meya anamzuia, kwani sikukuu ya tarehe 4 Julai imekaribia na bila wageni mji utakosa riziki. Daktari aliyeuchunguza mwili anageuza kauli yake na kudai huenda ilikuwa ajali ya mashua. Brody, anayeujua ukweli, ananyamaza.

Msomaji asidhani kwamba meya yule amechorwa kuwa shetani. Hata Malindi na Mombasa tunajua nyumba zinavyokuwa msimu wa wageni unapoharibika. Hoja yake ina uzito, na ndiyo maana watu wazima wenye akili zao wanaikubali.

Siku chache baadaye mtoto aitwaye Alex Kintner anamwomba mamaye arudi majini. Mama anamtazama vidole, anaona vimeanza kukunjamana kwa maji, anampa dakika kumi tu. Ni mazungumzo ambayo kila mzazi amewahi kuyafanya. Papa anapozuka, watu wanakimbilia nchi kavu, kila mmoja na mwanawe mkononi. Mama yule anabaki ukingoni akiita jina, na wimbi linaleta kigodoro cha upepo cha manjano kilichoraruka.

Baadaye anamfuata Brody gatini, amevaa nguo nyeusi za msiba, akamzaba kofi mbele ya watu. Amepata habari kwamba Brody alijua kuhusu yule binti, na ufuo ukaachwa wazi. Meya anataka kumliwaza Brody kwa kusema kwamba mama amekosea. Brody anakataa: hakukosea.

Nimewahi kubishana na wifi yangu juu ya kofi hilo. Yeye huona limemwangukia asiyestahili, maana Brody ndiye aliyetaka kufunga. Mimi naona lilifika lilikotakiwa. Mwenye kubeba amana ya roho za watu hatuambii alichotaka moyoni, tunamuuliza alichofanya. Wifi hajakubali hadi leo.

Kinachofuata ni kipande nikipendacho kuliko vyote. Brody ameketi mezani, hana kauli. Mwanawe mdogo, Sean, anaigiza kila anachofanya babaye: akifunika uso, naye anafunika; akikunja vidole, naye anakunja. Baba anapogundua, anamwomba mtoto busu, kwa sababu analihitaji. Hakuna hotuba hapo. Mtoto anasoma uso wa baba aliyevunjika moyo, na baba anaona kwamba anasomwa.

Mkewe Brody naye asisahauliwe. Anamcheka mumewe kwa kumkataza mtoto mkubwa kukaa ndani ya mashua iliyofungwa gatini, kisha anaona picha moja kitabuni na kupaza sauti kuliko mumewe kumtaka mtoto atoke.

Sehemu ya mwisho ni uwindaji wa wanaume watatu baharini, mzuri lakini mrefu. Meya tunamwacha hospitalini baada ya shambulio jingine, akibabaika kwamba wanawe pia walikuwa ufuoni siku ile, huku akitia saini karatasi ya kumkodi mwindaji. Saini hiyo angeweza kuitia kabla ya Alex.

Kwa wazazi watakaoitazama pamoja na vijana wao: mwanzo wake una binti anayevua nguo kwenda kuogelea, na damu ni nyingi, basi itazameni wenyewe kwanza na wadogo wawe wamelala. Mkifika kwenye meza ya Brody na Sean, isimamisheni kidogo, muwaulize watoto wanaona nini.