Kufichua siri za serikali: Ni usaliti au ni wajibu?

MNAMO Mei 1977, George Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki, alikamatwa katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Kosa lake lilikuwa kuitaka serikali ieleze jinsi zabuni ya mabehewa ya reli ilivyoshughulikiwa. Hakufikishwa mahakamani. Alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978, Rais Daniel arap Moi alipowaachilia huru waliokuwa kizuizini kwa sababu za kisiasa.

Anyona, ambaye baadaye aliwakilisha eneobunge la Kitutu Masaba na kuaga dunia katika ajali ya barabarani mwaka 2003, angali anakumbukwa Nyamira na Kisii kwa ujasiri huo. Hata hivyo, kisa chake kinazua swali linalopita sifa za mtu mmoja. Je, anayetoa hadharani jambo ambalo serikali imeamua kulificha ni msaliti au ni raia mwema?

Yafaa ieleweke kwamba Anyona alikuwa mbunge, na mbunge ana kinga ya kusema lolote ndani ya Bunge. Ikiwa mwenye kinga alitiwa kizuizini kwa kuuliza, ni rahisi kukisia hali ya karani asiye na kinga yoyote. Isitoshe, kwa kuwa hakushtakiwa, madai yake hayakupimwa na hakimu yeyote. Kizuizi kilimnyamazisha muulizaji, lakini hakikujibu swali.

Sababu za kutunza siri

Wanaotetea usiri wana hoja nzito. Mtumishi wa umma huajiriwa kwa kuaminiwa. Sheria ya Siri za Serikali, iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka 1968, inaweza kumfunga hadi miaka 14 anayetoa habari za kuhatarisha usalama wa nchi. Serikali isiyoweza kutunza siri haiwezi kulinda mipaka, kuwanasa wahalifu wala kujadiliana na mataifa mengine.

Aidha, karani huona karatasi moja katika jalada lenye karatasi mia. Huenda hajui kilichoandikwa katika zile nyingine. Huenda pia ametumwa na mfanyabiashara aliyekosa zabuni, au na mwanasiasa anayetaka kumwangusha mpinzani wake. Si kila anayevujisha hati anaongozwa na dhamiri.

Wakazi wa mpaka wa Borabu na Sotik wanajua thamani ya siri. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, nyumba ziliteketezwa na watu wakauawa katika eneo hilo. Jina la mtu aliyewaeleza polisi habari za mashambulizi, likitajwa sokoni, linaweza kuwa hukumu ya kifo kwake na kwa jamaa zake.

Ndiyo maana Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, haikutangaza majina ya washukiwa wakuu. Oktoba 2008 iliyatia katika bahasha iliyofungwa na kumkabidhi Kofi Annan, ambaye aliiwasilisha kwa Kiongozi wa Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2009. Kwa upande mwingine, kesi zilipoanza The Hague mwaka 2013, jina la shahidi aliyekuwa akilindwa lilisambazwa mtandaoni, hata majaji wakalazimika kutoa onyo. Kitendo kama hicho hakiwezi kuitwa ushujaa, kwa sababu kilimweka hatarini mnyonge na kuwafaa wenye nguvu.

Siri inayomlinda nani?

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Uhalali wa kufichua hautegemei muhuri uliopigwa juu ya jalada, bali unategemea siri hiyo inamlinda nani. Ikiwa inamlinda raia, kuitoa ni usaliti. Ikiwa inamlinda anayemwibia raia huyo, mwenye kuvunja uaminifu ni yule aliyeificha.

Siri ya mtungi aijuaye kata. David Munyakei, karani katika Benki Kuu ya Kenya, aligundua malipo yasiyo ya kawaida kwa kampuni ya Goldenberg, iliyodai kuuza nje dhahabu na almasi. Alitoa hati zilizowafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 umma ukafahamu kwamba mabilioni ya shilingi yalikuwa yakitoweka. Alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria hiyo ya siri. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi aliipoteza, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Hakuna askari wala shahidi aliyedhurika kwa hati alizozitoa. Waliodhurika ni waliokuwa wakila.

Njia aliyopitia mfichuzi nayo ina uzito. John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Wizara katika Afisi ya Rais akisimamia maadili, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa London. Ripoti yake kuhusu kashfa ya Anglo Leasing aliiwasilisha kwanza kwa Rais Mwai Kibaki, na ilichapishwa magazetini Januari 2006. Alibisha hodi ndani kabla ya kupaza sauti nje.

Kutokana na visa hivi, masharti manne yanajitokeza. Kwanza, jambo lenyewe liwe ovu lenye madhara kwa umma, wala si aibu ya mtu binafsi. Pili, njia za ndani ziwe zimejaribiwa au zimezibwa na wahusika wenyewe. Tatu, kitolewe kile tu kinachothibitisha uovu, na majina ya wasio na hatia yaondolewe. Nne, kipelekwe kwa mwenye uwezo wa kuchukua hatua.

Sheria ya sasa imekaribia msimamo huo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inasema mtu asiadhibiwe kazini kwa kufichua, kwa manufaa ya umma, ufisadi, ubadhirifu, ukiukaji wa haki za binadamu au hatari kwa afya na mazingira.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zabuni za barabara, dawa na maji huamuliwa pia katika afisi za kaunti mjini Kisii na Nyamira. Huko karani na mwanakandarasi huenda wakawa watu wa ukoo mmoja, wanaokutana mazishini na kanisani. Sheria inaweza kumrudishia karani mshahara wake, lakini haiwezi kumrudishia salamu za jirani. Kwa hiyo jamii inayonufaika na ukweli wake, iliyopata dawa zahanati na daraja mtoni, ina deni la kutomwacha peke yake kama alivyoachwa Munyakei.